Mwano ndani ya damu

Ng'ombe wakiibwa usiku huku kwetu Usukumani, kinachotangulia si upinde wala rungu. Ni mwano. Mtu mmoja anapiga yowe, jirani analipokea, wa bondeni anamjibu wa mlimani, na kabla mwizi hajavuka mto kijiji kizima kiko njiani. Sungusungu, walinzi wa vijiji walioanzia mpakani mwa Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliitegemea sauti hiyo. Mwano hauna fimbo mkononi. Kazi yake ni kuita.

Sasa sogeeni, wajukuu zangu, maana miili yenu nayo hupiga mwano. Seli ikivamiwa na virusi hutoa protini ndogo sana, zikasambaa kwa seli jirani na nyingine zikaingia kwenye damu. Madaktari wanaziita saitokini. Zipo zinazowaambia majirani wafunge milango, zipo zinazoita walinzi, yaani seli nyeupe za damu, na zipo za kuwatuliza walinzi hao warudi nyumbani. Ile homa inayokutetemesha malaria ikipanda, sehemu kubwa inatokana na makelele ya mwano huo.

Mojawapo ya protini hizo iligunduliwa mwaka 1957 jijini London, kwenye utando wa yai la kuku. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliuchanganya utando huo na virusi vya mafua walivyokwisha kuviua kwa joto, kisha wakachukua majimaji yake na kuyamwagia utando mwingine mzima. Walipoleta virusi hai, vikashindwa kuzaliana. Kile kitu kilichokuwa ndani ya majimaji wakakiita interferoni.

Watu wakaanza kuitamani kwa ajili ya saratani, lakini kuipata ilikuwa kazi. Kule Helsinki, Kari Cantell aliikamua kutoka kwenye seli nyeupe za damu iliyotolewa na wachangiaji, maelfu ya lita, akaambulia kiasi kidogo mno, nacho kikiwa na uchafu mwingi kuliko interferoni yenyewe. Mtoto wa Geita hahitaji kuelezwa zaidi. Ameona viroba vya mawe vikiingia kwenye karasha asubuhi, na jioni baba akirudi kutoka mwaloni na punje ya dhahabu inayolingana na mbegu ya mchicha. Afueni ilikuja mwaka 1980, Charles Weissmann na wenzake wa Zürich walipotangaza kwamba wamepandikiza jeni ya interferoni ya binadamu ndani ya bakteria, na bakteria wakaanza kuitengeneza. Mwaka 1986 Marekani ikairuhusu itibu aina moja adimu ya saratani ya damu, na mwaka 1988 ikaongeza saratani ya Kaposi kwa wenye UKIMWI.

Lakini saratani ni mwizi wa namna yake. Hakutoka ng'ambo ya mto. Ni mtoto wa nyumbani aliyeharibika, anajua salamu zote, na mbwa hawambwekei. Ndiyo maana madaktari wakajaribu kupiga mwano mkubwa zaidi. Mwaka 1984 Steven Rosenberg, huko Marekani, alimtibu mwanamke mwenye saratani ya ngozi iliyokwisha kusambaa mwilini, akimpa kwa wingi protini iitwayo intalukini-2. Uvimbe ukayeyuka. Wengine waliofuata, walio wengi, hawakubahatika hivyo, na dawa yenyewe iliwatesa: mishipa midogo ilivuja, presha ikaporomoka, wengine wakalazwa chumba cha uangalizi maalumu. Waulizeni wazee wenu, watawaambia kuwa mwano ukipigwa kupita kiasi, anayepigwa anaweza kuwa mpita njia.

Hebu sasa angalieni mikono yenu, hapo juu karibu na bega. Lile kovu dogo ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Albert Calmette na Camille Guérin, huko Lille nchini Ufaransa, waliwachukua bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe wakawalisha viazi vilivyopikwa kwenye nyongo ya ng'ombe, miaka 13, tangu 1908 hadi 1921, mpaka ukali ukawaishia. (Nyongo ya ng'ombe! Mfugaji wa Shinyanga angewauzia kwa bei nzuri.) Bakteria hao kwa kawaida hawaui, ila mwili ukiwaona tu hupiga kelele. Je, kelele hiyo ingeweza kuamsha walinzi dhidi ya saratani?

Swali hilo lilijibiwa mara mbili mwaka 1976, na majibu hayakufanana. La kwanza lilitoka ng'ambo ya ziwa letu. Kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Kampala, Ian Magrath na John Ziegler walishughulika na watoto wenye limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya ambao hata Kanda ya Ziwa tunao. Baada ya dawa za saratani, baadhi ya watoto waliongezewa BCG na wengine hawakuongezewa. BCG haikusaidia kitu. Mimi nawaheshimu waliochapisha jibu hilo la huzuni bila kulipamba.

La pili lilitoka Kanada. Alvaro Morales aliwatibu wagonjwa 9 wenye saratani ya juujuu ya kibofu cha mkojo. Aliipitisha BCG kwenye mrija hadi ndani ya kibofu, mara moja kwa wiki, wiki 6. Ikafanya kazi, na mpaka leo inatumika. Humo ndani bakteria wanagusana na ukuta wenye saratani, na mwano unapigwa palepale mwizi alipojificha. Ukipima mkojo wa mgonjwa baada ya dawa, unazikuta saitokini zenyewe, intalukini na interferoni, zikitoka nje.

Mjukuu wangu mmoja, anayependa kuogelea lamboni, akaniuliza kama basi hiyo ndiyo dawa ya kibofu kilichoharibiwa na kichocho. Swali la haki, kwa sababu Shinyanga konokono wa kichocho wako kwenye malambo na majaruba, na mayai ya minyoo yakikaa kibofuni miaka mingi yanaweza kuleta saratani. Nikamwambia hapana. Hiyo kwa kawaida ni saratani ya aina nyingine, na wagonjwa wengi hufika hospitali kama Bugando ikiwa imekwisha kupenya kwenye misuli ya kibofu. Mwano wa BCG unaishia ukutani. Huko ndani inabaki kazi ya kisu cha mpasuaji.

Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza ni lini shuleni wataletewa tena vile vidonge vichungu vya kichocho, vile ambavyo mwalimu anakusimamisha kwanza kwenye mti wenye alama aone una kimo gani.