Fahari na Fedheha Mbele ya Halaiki

Ufikapo mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, katika vijiji vya Bungoma na kadhalika katika mashamba ya Kitale wanakokaa Wabukusu wengi, kijana aliyekwisha kuwaalika jamaa zake kwa kupiga njuga hupelekwa mtoni alfajiri, akapakwa tope baridi mwili mzima, kisha akarudishwa kwa nyimbo mpaka uani kwa baba yake, ambako husimama wima mbele ya halaiki, na ngariba afanyapo kazi yake hata kope haitakiwi kucheza.

Analotakiwa kijana huyu ni zaidi ya kustahimili kisu, kwa kuwa anaamrishwa kuunyamazisha mwili ambao kwa maumbile yake hausitiri siri. Wanasaikolojia Jessica Tracy na David Matsumoto walizichunguza picha za wacheza judo wa Olimpiki na Paralimpiki za Athens za mwaka 2004, wakaeleza mwaka 2008 kwamba hata waliozaliwa vipofu, ambao hawajapata kumwona mtu akijivuna wala akitahayari, waliposhinda walitanua kifua na kuinua mikono, na waliposhindwa mabega yao yaliporomoka.

Lakini lipi la kuonea fahari, hilo huamuliwa na jamii. Ng'ambo ya Mlima Elgon, kwa Wagisu walio ndugu wa Wabukusu, mwanaanthropolojia Suzette Heald alionyesha kwamba tohara huutaka ujasiri utoke ndani ya kijana mwenyewe, kwa hiari yake. Ndiyo sababu fahari yake huwa kubwa, maana hana wa kugawana naye.

Nami huwahurumia waliotikisika mbele ya kisu. Mwanasaikolojia Helen Block Lewis, mwaka 1971, alipambanua hatia na fedheha: hatia hukilaumu kitendo, ambacho huweza kutubiwa na kufidiwa, ilhali fedheha huihukumu nafsi nzima, hata mtu akatamani ardhi immeze. Kijana aliyetikisika hakumdhulumu mtu, hana deni la kulipa wala wa kumwomba radhi, na kwa hiyo hajui aanzie wapi kujisafisha. Nasema, pamoja na heshima yote niliyo nayo kwa mila hiyo, si haki kope iliyocheza mara moja imtolee mtu ushahidi umri wake wote. Katika siku za kupona, wazee huja kuwausia wari juu ya kazi, ndoa na adabu. Laiti aliyetikisika naye angeambiwa bayana afanye nini hata ahesabiwe mwanamume, na aambiwe mbele ya watu walewale waliomwona.