Je, Wajua? Hodari wa Kukwepa

Umewahi kuvuka barabara kuu ya Morogoro–Dodoma pale Dumila? Basi la bara linakuja kulia, lori kushoto, na bodaboda inachomoza katikati! Sasa sikia: Marekani kuna timu ya besiboli iliyopata jina kwa ujuzi huohuo. Dodgers, yaani wakwepaji, walianzia Brooklyn, New York, ambako miaka ya 1890 watu waliruka huku na huku wakikwepa tramu za umeme. Mwaka 1958 timu ikahamia Los Angeles, na jina ikaondoka nalo.

Kwetu wakwepaji wanaanza wadogo. Chungulia uwanja wa shule saa ya mapumziko: wasichana wawili wamesimama huku na kule, mpira wa soksi unavurumishwa, na katikati mwenzao anainama, anaruka, anajipinda, huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mpira ukimgusa tu, katoka! Mchezo huu sisi tunauita rede. Wakenya wanauita kati.

Na ukimkwepa beki mpira ukiwa mguuni? Hiyo ni chenga, bwana. Na kwa soka, timu ya Mtibwa Sugar, majirani zetu wa Turiani, walibeba ubingwa wa Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000!

Je, wajua kuwa milima ya Uluguru iliwahi kumficha mkwepaji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia? Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro mjini yakitaraji kumnasa kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Yakakuta keshapita milimani kuelekea kusini. Aliendelea kukwepa hadi Msumbiji, na alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918: siku 14 baada ya vita kusimama Ulaya! Ila tusiwasahau wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo. Walikufa kwa maelfu, na ni wachache mno wanaotajwa kwa majina.

Tuhamie kwa wanyama, maana huko ndiko kwenye mabingwa. Kenya kuna panya mwenye manyoya ya miiba ambaye akikamatwa anakuachia ngozi mkononi, yeye huyo! Watafiti walitangaza mwaka 2012 kwamba anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo, kisha ikaota upya, vinyweleo na vyote. Hebu fikiria!

Na huko juu Uluguru yupo kinyonga kibete anayefanana na jani kavu, mfupi kuliko kidole chako cha kati. Wanasayansi walimpa jina rasmi mwaka 1996 tu. Miaka yote kabla ya hapo aliwakwepa kwa kutulia.

Na wakwepaji wa kodi je? Sheria inaruhusu kutumia nafuu zilizowekwa ili ulipe kidogo, lakini kuficha mauzo ni kukwepa, na hilo ni kosa. Linalowashangaza wengi ni hili: mnunuzi asiyedai risiti naye ana kosa kisheria, si muuza duka peke yake!

Mkwepaji wa mwisho ana mabawa. Ndege mmoja aina ya mbwigu mwenye kichwa cheusi anaishi Uluguru tu, duniani kote hayupo kwingine. Aligunduliwa 1926, na karibu miaka 100 baadaye wanaopanda kumtafuta humsikia zaidi ya kumwona, maana hujificha huko juu kabisa ya miti.