Mcheza Kwao Hutuzwa: Majira ya Machipuko Katika Shule za Michigan

Mwezi wa Aprili ukiingia, sisi watu wa Mwambao huangalia mawingu. Masika yako njiani, mapaa ya makuti hutiwa viraka, na mabaharia hujitayarisha kwa upepo wa Kusi. Huko Marekani ya kaskazini, katika jimbo la Michigan lililopakana na Kanada, Aprili ina habari nyingine. Theluji iliyolala chini tangu Disemba imekwisha kuyeyuka, miti iliyokuwa mikavu kama kuni huanza kutoa majani, na jua ambalo katika baridi lilikuwa likizama saa kumi na moja za jioni sasa huchelewa hadi saa mbili za usiku. Hayo ndiyo majira ya machipuko, na katika shule za sekondari za huko hakuna wakati wenye shughuli nyingi kuliko huo.

Sababu yake ni rahisi. Mwaka wa masomo wa Marekani huanza karibu na Septemba na kumalizika Juni. Kwa hivyo Aprili na Mei kwao ni kama Oktoba na Novemba kwetu: ndiyo miezi ya mitihani, ya kuagana, na ya kijana kujua kama kesho yake ni chuo kikuu au ni kazi. Lakini wenzetu hao wamezoea kuichanganya mitihani hiyo na michezo, maonyesho ya muziki na ngoma, yote kwa pamoja. Na humo ndani wamo maelfu ya watoto wa Kiislamu, wana wa Wayemeni, Walebanoni, Wabengali, Wabosnia na Wasomali, ambao kila mwaka hukutana na swali lilelile: je, furaha hizi za shule ni zetu sisi pia, au sisi ni wageni tu wa kutazama dirishani?

SHULE YA MTAA

Kwanza msomaji afahamu shule hizi ni za namna gani. Shule ya sekondari ya umma huko ni ya kutwa, haitozi karo, na huchukua watoto wa mtaa wake bila kubagua. Masomo ni ya miaka minne, kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili, na wanafunzi ni wa umri wa miaka 14 hadi 18. Wengi hawavai sare. Wavulana na wasichana husoma pamoja, hula pamoja, na asubuhi wengi huletwa na mabasi ya rangi ya manjano.

Machipuko yakifika, viwanja vilivyokuwa vimefunikwa na theluji hufunguliwa. Wanariadha huanza kukimbia nje, wavulana hushika magongo ya besiboli na wasichana huingia katika softiboli na kandanda. Mwezi wa Aprili wanafunzi wa darasa la kumi na moja katika Michigan hufanya mtihani wa SAT, ambao jimbo huwalipia, na alama zake hupelekwa vyuo vikuu. Mwanzoni mwa Mei hufuata mitihani ya AP, ambayo mwanafunzi akifaulu vizuri huweza kuhesabiwa baadhi ya masomo ya chuo kikuu kabla hata hajaingia huko. Na tarehe 1 Mei kwa kawaida ndiyo siku ya mwisho ya kukijibu chuo kilichomkubali.

Hapo ndipo huingia maradhi yanayojulikana na kila mwalimu wa huko: uvivu wa mwaka wa mwisho. Kijana akishapata barua ya kukubaliwa, na jua nalo limetoka baada ya miezi ya baridi kali, vitabu humwia vizito kama mawe. Lakini chuo kinaweza kuirudisha nyuma ahadi yake ikiwa alama zitaporomoka. Wengi wameonywa, na wapo waliojuta.

PROMU NA MTIHANI WAKE

Katika mambo yote ya machipuko, hakuna linalozungumzwa kuliko karamu ya ngoma iitwayo promu. Neno lenyewe limetokana na ule mwendo wa wageni kuingia ukumbini kwa madaha, wawili wawili. Huwa kati ya Aprili na Juni. Wavulana huvaa suti nyeusi za kukodi, wasichana huvaa magauni marefu waliyoyatafuta kwa miezi, motokaa ndefu hukodishwa, maua hufungwa kwenye kiwiko cha mkono, na mwisho huchaguliwa mfalme na malkia wa usiku huo. Kijana wa Kimarekani huikumbuka promu hata akiwa na wajukuu.

Kwa familia ya Kiislamu, promu ni mtihani usiokuwa na karatasi. Ni usiku wa kucheza wavulana na wasichana, kwa mavazi yanayoacha mabega wazi, na wazazi hawapo. Baba aliyetoka Yemen au Bangladesh hawezi kulala usingizi binti yake akiwa huko. Naye binti, ambaye kwa miaka minne amekaa dawati moja na wenzake na kufaulu nao, hujikuta usiku huo yuko nyumbani akisikia habari za wengine. Hakuna aliyemfukuza, lakini hayumo.

WASICHANA WA HAMTRAMCK

Hamtramck ni mji mdogo sana, wa kama maili mbili za mraba tu, uliozungukwa karibu pande zote na jiji la Detroit. Ulipanuka baada ya mwaka 1910, kiwanda kikubwa cha motokaa za Dodge kilipofunguliwa na Wapolandi wakamiminika kutafuta kazi. Kiwanda hicho kilifungwa 1980. Wapolandi wakapungua, na nyumba zao zikachukuliwa na Wabengali, Wayemeni na Wabosnia. Mwaka 2004 baraza la mji liliruhusu adhana isikike kwa vipaza sauti, jambo lililoleta mabishano makubwa nchi nzima. Mwaka 2015 Waislamu wakawa ndio wengi katika baraza hilo, na ikaandikwa kwamba ndilo la kwanza la namna hiyo katika Marekani.

Katika mji huo, machipuko ya mwaka 2012, wasichana wa Hamtramck High School walifanya jambo ambalo halikuwa limepata kufanyika shuleni kwao. Waliulizana wao kwa wao, wakagundua kwamba wengi miongoni mwao hawawezi kwenda promu kwa sababu ya dini na mila za nyumbani. Basi badala ya kulia au kudanganya wazazi, wakaunda kamati, wakakusanya fedha, wakapanga promu ya wasichana peke yao.

Ikafanyika mwishoni mwa Aprili. Taa za kumetameta zilikuwepo, mapambo yalikuwepo, muziki ulikuwepo, na hata taji la malkia lilikuwepo. Kilichokosekana ni wavulana tu. Wasichana waliingia wamejifunika kama kawaida yao. Milango ilipofungwa, mitandio na majuba yakawekwa kando, na chini yake yakatokea magauni, nywele zilizotengenezwa na vipodozi vya masaa mengi. Wenzao wengine shuleni, walioijua sura tu kwa miaka minne, waliziona nywele zao kwa mara ya kwanza. Wakacheza mpaka wakachoka.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi hahitaji kuelezwa zaidi. Huu ni usiku wa kupamba! Ni nani katika mama zetu asiyejua namna buibui linavyovuliwa mlangoni, dhahabu ikang'aa, udi ukafukizwa, na wanawake wakaonana kwa uzuri ambao wanaume wa mjini hawaujui ila kwa kusikia? Bibi zetu waliokuwa wakicheza lelemama hawakungoja kuruhusiwa na mtu kufurahi. Walikuwa na vyama vyao, viongozi wao na mashindano yao. Wasichana wa Hamtramck hawakuwa wamesikia habari za lelemama, lakini njia waliyoipita ni ileile.

Tena jambo la kuangalia ni kwamba hawakuomba promu ya kawaida ifutwe. Aliyetaka kwenda ile nyingine alikuwa huru. Wao waliongeza mlango, hawakufunga mlango wa mtu. Nadhani hiyo ndiyo sababu habari yao ilipoandikwa katika magazeti makubwa ya Marekani, wengi waliisoma kwa kutabasamu, hata katika miaka ile ambapo habari za Waislamu huko zilikuwa zikisomwa kwa hofu.

RAMADHANI IKIKUTANA NA MITIHANI

Kwa kuwa mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, miaka ya hivi karibuni Ramadhani iliingia ndani ya machipuko. Mwaka 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili, na 2023 ikaanza karibu na tarehe 23 Machi. Miaka yote miwili, msimu wa SAT uliwakuta wanafunzi wa Kiislamu wamefunga.

Na saumu ya huko si kama yetu. Sisi, masika au kiangazi, magharibi yetu haipotei mbali na saa kumi na mbili unusu. Michigan katika Aprili magharibi huingia baada ya saa mbili kasoro za usiku. Isha hukaribia saa tatu unusu, na tarawehe humalizika saa nne unusu au saa tano. Daku ni kabla ya saa kumi na moja unusu za alfajiri, na kengele ya shule hulia baada ya saa mbili tu au zaidi kidogo. Kijana alale saa ngapi, asome saa ngapi? Wengine wakati wa chakula cha mchana huomba kukaa maktaba ili wasitazame wenzao wakila. Mkimbiaji wa riadha naye hupatana na mwalimu wake apunguziwe mazoezi ya jua kali.

Shule zenye Waislamu wengi zimejifunza kupanga. Mfano maarufu ni Fordson High School ya Dearborn, mji wa Henry Ford, ambao hauko mbali na Hamtramck. Shule hiyo imesimama tangu 1928, na wanafunzi wake wengi ni Waarabu. Mwaka 2010 Ramadhani iliangukia Agosti, wakati wa mazoezi ya mpira wa Kimarekani. Timu ikahamisha mazoezi yake usiku wa manane, wachezaji wakiwa wameshafuturu, na mwaka 2011 ikatolewa filamu inayosimulia saumu na mpira wa shule hiyo. New York nayo, yenye shule za umma nyingi kuliko mji wowote wa Marekani, ilitangaza mwaka 2015 kwamba shule zake zitafungwa siku za Idi zote mbili.

HAIHUBIRI WALA HAIZUII

Huenda msomaji akauliza: Je, serikali ya Marekani haikutenga dini na shule? Ndiyo, imetenga. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1962 kwamba shule ya umma haiwezi kuwaongoza wanafunzi katika sala, na mwaka 1992 ikaamua kwamba haiwezi kumleta kasisi aombe dua katika mahafali yake. Lakini upande wa pili ni huu: mwanafunzi mwenyewe hazuiliwi kusali, wala kujifunika, wala kufunga. Sheria ya mwaka 1984 inasema kwamba shule ya sekondari ikiruhusu chama kimoja cha wanafunzi kilicho nje ya masomo, haiwezi kukikataa kingine kwa sababu tu ni cha dini. Kwa sheria hiyo, vyama vya wanafunzi wa Kiislamu vimepata vyumba vya kukutania shuleni, kama walivyopata Wakristo na Wayahudi.

Kwa hivyo shule haihubiri wala haizuii. Nafasi iliyobaki katikati ni ya vijana wenyewe, na hapo ndipo akili hupimwa. Nafasi hiyo haimsaidii aliyekaa kitako akingoja kupangiwa. Humsaidia anayeandika barua, anayekwenda kwa mkuu wa shule kwa adabu, anayepita madukani kukusanya mchango na kurudisha hesabu iliyo sawa.

Juni ikifika, yote hayo humalizika kwa mahafali. Wahitimu hupita kwa majoho na kofia bapa, wasichana wengine kofia zikiwa juu ya mtandio, na jina likiitwa hupigiwa makofi na jamaa waliotoka mbali. Mama asiyejua Kiingereza hulielewa jina la mwanawe likitajwa kwa kipaza sauti, na hilo humtosha.

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutuzwa. Mtoto akiona shule si kwao, atakaa pembeni, au atajificha ili afanane na wenzake, na nyumbani watapata habari baadaye. Akiona ni kwao, atatafuta njia ya kucheza bila ya kuacha heshima aliyotoka nayo. Wazazi wa Hamtramck waliokubali binti zao watoke usiku ule walikuwa wamewasikiliza kwanza. Na sisi ambao watoto wetu wako katika shule za mchanganyiko, za bweni na za kutwa, tuna la kujiuliza: mara ya mwisho tulipomkataza binti jambo la shule, tulimsaidia kutafuta jingine la halali badala yake?