Greenland: Kisiwa cha barafu kinachoisukuma bahari yetu

Msomaji aliyefunzwa jiografia zamani huenda angali anaikumbuka ramani ya ukutani iliyoonyesha Greenland ikikaribia kulingana na Afrika kwa ukubwa. Ramani hiyo ilitudanganya, kwani Afrika ni kubwa takriban mara 14. Hata hivyo, kisiwa hicho cha Ufalme wa Denmark, chenye kilomita mraba milioni 2.16, ndicho kikubwa zaidi duniani, na Kenya ingeingia ndani yake zaidi ya mara tatu.

Takriban asilimia 80 ya ardhi yake imefunikwa na barafu ambayo mahali penye kina kirefu inazidi kilomita tatu. Mwamba ulioibeba umedidimia kwa uzito, sehemu yake ikawa chini ya usawa wa bahari. Wakazi wapatao 57,000, wengi wao wa jamii ya Inuit, wanaishi kandokando ya pwani, hasa upande wa magharibi uliko mji mkuu, Nuuk. Miji haiunganishwi kwa barabara. Msafiri hutegemea ndege au chombo cha majini.

Kusini hufugwa kondoo. Huko bara kwenye barafu, mnamo Desemba 1991, kifaa kilipima nyuzi 69.6 za Selsiasi chini ya sifuri, baridi kali zaidi kuwahi kuthibitishwa katika nusu ya kaskazini ya dunia.

Baridi hiyo isitupumbaze. Mnamo Agosti 2021 mvua ilinyesha juu kabisa ya barafu hiyo, jambo ambalo halikuwa limewahi kushuhudiwa kituoni hapo. Vipimo vya setilaiti tangu 2002 vinaonyesha kuwa Greenland hupoteza wastani wa tani bilioni 270 hivi za barafu kila mwaka. Ikiyeyuka yote, kazi ya karne nyingi, bahari itapanda kwa mita saba hivi.

Lakini bahari haitapanda sawasawa. Barafu hiyo ni nzito kiasi cha kuyavuta maji yaliyo karibu nayo, kama mwezi uyavutavyo wakati wa bamvua. Inapopungua, mvuto hulegea na maji yakahamia mbali, zikiwemo bahari za tropiki. Aidha, ardhi iliyotuliwa mzigo huinuka polepole. Ndiposa mvuvi wa Nuuk anatarajiwa kuona maji yakirudi nyuma, ilhali mwenzake wa Lamu ataona ufuo wake ukimegwa.