Gari Halivuti Mlimani: Ni Klachi au Ni Injini?



Gari la dizeli likikosa nguvu, wa kwanza kulaumiwa ni dereva. Huambiwa ameua injini, na pengine hudaiwa gharama. Naye mwenye kigari chake cha kutafutia riziki huuziwa pampu ya dizeli, kumbe kilichokwisha ni klachi. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna ya kutofautisha magonjwa haya mawili kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Sisi tunaokaa Nengo tunajua kwamba gari likizunguka hapa chini karibu na ziwa, ugonjwa hujificha. Hujitokeza siku ya kupanda njia ya Musanze na mzigo. Ziwa Kivu liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na njia hiyo hupanda kupita mita 2,000. Huko juu hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Injini isiyo na turbo itapungua nguvu hata ikiwa mpya. Basi usililinganishe gari lako na la Mombasa. Lilinganishe na lenyewe: mlima ule ule, mzigo ule ule, zamani lilipanda kwa gia gani?

Kisha sikiliza. Ukikanyaga mafuta, injini ikapandisha mngurumo lakini gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Injini ikibaki nzito, haipandishi mngurumo wala mwendo, klachi ni nzima. Tafuta ugonjwa kwenye injini. Lakini kwanza gusa magurudumu kwa uangalifu: likiwepo lililopata moto kuliko mengine, huenda breki imeshika.

Klachi hupimwa hivi:

1. Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu na uvute breki ya mkono. Mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma.

2. Washa injini, ingiza gia ya tatu au ya nne, kisha achia klachi polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo.

3. Injini ikizimika, klachi bado inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Usirudie mara nyingi, maana jaribio hili lenyewe huunguza diski.

Harufu ya kuungua wakati wa kupanda mlima ni dalili nyingine. Hata hivyo, usikimbilie kununua diski. Katika magari ya klachi ya waya, pedali inatakiwa ibonyee kidogo bila uzito kabla ya kuanza kusukuma. Kama nafasi hiyo imekwisha, klachi haifungi sawasawa, na huenda kukaza au kulegeza waya kukatosha. Tena, sili ya krankshafti au ya gia boksi ikivuja, oili huilowesha diski. Ukiweka diski mpya bila kubadili sili, utarudi gereji upesi.

Kama klachi inashika, tazama moshi. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: angalia chujio la hewa, ambalo vumbi la njia zetu za udongo wa volkano huliziba haraka, halafu mpira wa turbo uliopasuka, halafu nozeli. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua au maji yaliyoingia ndani. Nguvu ikipungua bila moshi wa ajabu, anza na chujio la dizeli, maji na hewa kwenye mipira ya mafuta, na waya wa mafuta usiovuta mpaka mwisho. Hayo ni ya bei nafuu. Pampu iwe ya mwisho.

Sasa neno kwa mafundi na vijana wao. Diski nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu na saratani miaka mingi baadaye. Mkataba Na. 162 wa mwaka 1986 wa Shirika la Kazi Duniani unahusu hatari hiyo. Usipulize vumbi la klachi kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lilowesheni, lipanguseni kwa kitambaa, kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Kinga hiyo ni wajibu wa mwajiri, si hisani yake.

Mwisho, ndugu dereva, andika. Siku ulipoona klachi inateleza, iandike katika daftari la gari pamoja na kilomita, umpe mkubwa wako asaini. Gari linaloteleza lisibebe wafanyakazi mlimani. Likikwama kwenye kona, karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwamba ulitoa taarifa mapema, na chama kitakuwa na cha kushika kinapokutetea.