Fahamu: Ufeministi wa kiradikali katika Utengano

Ufeministi wa kiradikali unadai kwamba mfumo dume hauanzii bungeni wala kazini, bali nyumbani, katika umiliki wa mwili wa mwanamke. Kwa hiyo kurekebisha sheria pekee hakutoshi. Katika Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed anaipa hoja hiyo sura ya Maksuudi, mwanasiasa anayesaka kura mitaani huku amewafungia ndani mkewe Tamima na binti yao Maimuna. Kwangu, mradikali halisi ni Kazija, mwanamke anayetakwa na baba na mwana: haombi haki, bali anawafumanisha nyumbani kwake Maksuudi na mwanawe Mussa, na heshima ya baba inaporomoka hapo hapo.

Wapo wanaosema uhuru ndio uliomwangamiza Maimuna, kwa kuwa alitoroka akaishia kwenye ulevi na ukahaba katika danguro la Bi Kirembwe. Lakini binti aliyefungiwa tangu utotoni aliingia mjini bila silaha yoyote, na danguro hilo nalo ni nyumba nyingine inayomiliki mwili wake. Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Bi Farashuu: kisasi chake dhidi ya Maksuudi, aliyemharibia binti wa Farashuu maisha, Tamima ndiye anayekilipia kwa talaka. Udada ambao nadharia hii inautegemea unavunjika hapo, mikononi mwa mwanamke.