Lisikilize gari la wagonjwa kabla halijakwama



Ukiishi hapa Nakivale, bila shaka umeshasikia gari la wagonjwa likipita usiku. Mara nyingi tunauliza nani amebebwa, kisha tunamwombea. Katika toleo hili tunakuomba ulisikilize na gari lenyewe, kwa sababu gari likikwama njiani, mgonjwa naye amekwama.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Serena Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama mwenye matatizo ya uzazi hucheleweshwa na mambo matatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Jambo la pili ndilo la barabara na gari. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa mbili hivi. Gari likisimama saa moja kwa sababu ya mpira wa rejeta uliopasuka, nusu ya muda wake imekwisha.

Magari mengi ya kazi hii ni yale ya fowili, yaani yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Linalojulikana zaidi ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza kutengenezwa mwaka 1984. Mengi yana injini ya dizeli iitwayo 1HZ, yenye silinda sita na lita 4.2, ambayo pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Hiyo ni faida kwetu. Fundi mwenye spana, taa na masikio mazuri anaweza kuugundua ubovu mwingi bila mashine ya kupimia. Dalili ya mvua ni mawingu, na gari nalo hutoa dalili kabla ya kusimama.

ANZA NA SWALI: LINI?

Kabla ya kufungua nati yoyote, muulize dereva: tatizo linatokea lini? Injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Gari likikata kona au likienda moja kwa moja? Unapokanyaga breki, au unapobadilisha gia? Kufungua bila kuuliza hupoteza siku nzima na vipuri vizima. Jibu la swali hili linakuonyesha upande wa gari wa kutazama.

GARI LIMEZAMA, MBELE HAKUVUTI

Barabara ya Mbarara kwenda Kikagati ni ya lami, lakini ukiiacha na kuingia Nakivale unakutana na udongo, ambao wakati wa mvua huteleza kama sabuni. Hapo dereva anavuta gia ndogo na kuiweka H4, lakini magurudumu ya nyuma yanazunguka bure na ya mbele yametulia. Watu wanasukuma, na lawama zinakwenda kwenye gia boksi.

Tazama kwanza katikati ya magurudumu ya mbele. Magari mengi ya aina hii yana vifungio vya kuzungusha kwa mkono, vyenye maneno FREE na LOCK. Vikiwa kwenye FREE, nguvu haifiki kwenye magurudumu hata kama gia imeingia. Zungusha vyote viwili mpaka LOCK. Kimoja kikiachwa, magurudumu ya mbele hayatavuta inavyotakiwa. Vikiwa vigumu, vimejaa vumbi na grisi iliyokauka. Vifunguliwe, visafishwe na kupakwa grisi mpya kidogo kabla ya mvua za Machi na za Septemba.

Ukirudi kwenye lami, toa H4. Magari haya hayana difu ya katikati, na kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tairi huteleza kidogo na hakuna madhara. Kwenye lami kavu haziwezi kuteleza, kwa hiyo usukani unakuwa mzito, tairi zinalika, na gia ndogo inang'ang'ania isitoke. Ikishang'ang'ania, usiipige. Rudi nyuma mita chache kwa kunyoosha, kisha uitoe taratibu.

SAUTI NA MAANA ZAKE

Tak-tak-tak unapokata kona kali ukiwa kwenye H4: ni jointi za ndani ya ekseli ya mbele. Hakikisha hivi: weka gia H2 na vifungio FREE, kisha kata kona ileile. Sauti ikipotea, jointi zimelika. Gari linaweza kuendelea na kazi kwa uangalifu, lakini agiza kipuri sasa, usingoje ikatike.

Kishindo kimoja unapoondoka au unapobadilisha kutoka mbele kwenda nyuma: chunguza krosi za propela shafti. Weka mawe kwenye magurudumu, shika shafti kwa mikono na uizungushe huku na huku. Ikicheza kwenye krosi, au ukiona unga mwekundu kama kutu kwenye vikombe vyake, imekauka grisi na inakufa. Shafti ikikatika gari likiwa na mwendo inaweza kuharibu vitu vingi chini.

Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka: huenda ni beringi ya gurudumu. Nyanyua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukiisha, ubovu uko kwenye beringi ya gurudumu. Mchezo ukibaki, ubovu uko kwenye beringi za kingipini. Kipimo hiki kidogo kinakuokoa usinunue kipuri kisichohusika.

MOSHI NA MADOA

Moshi mweusi maana yake hewa haitoshi au dizeli imezidi. Anza na chujio la hewa, maana vumbi letu hulijaza upesi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani ya injini. Moshi mweupe asubuhi unaoisha baada ya dakika chache ni dizeli isiyoungua. Moshi mweupe usioisha, na maji ya rejeta yanayopungua bila kuvuja, ni dalili ya gasketi ya hedi. Gari hilo lisipewe safari ya rufaa.

Jioni, tandaza kipande cha boksi chini ya gari, asubuhi ulisome. Doa jeusi ni oili ya injini. Doa zito lenye harufu kali ni oili ya gia au ya difu. Doa jekundu au la kijani ni maji ya rejeta. Doa jepesi karibu na gurudumu ni mafuta ya breki, na hapo gari haliondoki mpaka litengenezwe. Baada ya kuvuka maji, fungua nati ya difu utazame oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Imwage, weka mpya, na safisha kipumulio cha ekseli, kwani kikiziba ekseli yenye moto hunyonya maji kupitia sili.

INJINI HAIWAKI

Ikizunguka kivivu, tazama betri na usafishe unga mweupe kwenye vichwa vyake. Ikizunguka vizuri lakini hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki. Fungua kizibo kilicho chini ya chujio la dizeli utoe maji, kisha bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Ikitoa moshi mweupe bila kuwaka asubuhi ya baridi, plagi za kupasha moto zimechoka.

Usisahau mkanda wa ndani wa 1HZ, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000. Huo hautoi sauti ya kukuonya. Ukikatika, injini inazimika palepale na huenda ikaharibika vibaya. Andika kilometa za siku ulipobadilishwa, ubandike mahali ambapo dereva yeyote ataona.

FUNDI, JILINDE

Usivute dizeli kwa mdomo. Ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, aletwe kituoni mara moja. Usifungue rejeta ikiwa moto. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka magogo imara. Vumbi la breki kuukuu linaweza kuwa na asbestosi inayodhuru mapafu, kwa hiyo usilipulize, lifute kwa kitambaa chenye maji. Oili chafu usiipake kwenye kidonda na usiimwage karibu na kisima.

Kama abiria wanaumwa kichwa na kichefuchefu kila wanaposafiri na gari fulani, kagua bomba la moshi na mipira ya mlango wa nyuma. Moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mgonjwa aliyelala nyuma hawezi kukuambia.

NA WEWE USIYE FUNDI?

Unayo kazi. Ukisikia tak-tak kwenye kona ya kwenu, au ukiona doa mahali gari lilipoegeshwa, mwambie dereva au mlinzi wa kituo. Usione aibu kwamba hujui jina la kipuri. Sema ulichosikia, wapi na lini. Wakataze watoto wasichezee vifungio vya magurudumu. Wanaomsindikiza mgonjwa wasijaze gari, mmoja au wawili wanatosha. Na mama anapokaribia kujifungua, familia ipange mapema njia ya pili ya kufika kituoni, kwa maana hata gari lililotunzwa huweza kupata pancha.

Dereva, ukiambiwa jambo na mpita njia, shuka utazame. Dakika tano za kutazama mchana ni bora kuliko saa mbili za kusukuma usiku, mgonjwa akiwa ndani.

Tafadhali msomee ukurasa huu jirani asiyejua kusoma.